Saa Moja Niliyoizidisha kwenye Harusi ya Dada

Naona haya kulisimulia hili, maana kazi yangu ni kuandika habari na watu wananijua kwa kupanga mambo, lakini siku ile sebuleni kwetu Mgeta nusura nigombanishe koo mbili kwa picha nilizozipanga mwenyewe.

Dada yangu Theodora aliolewa Julai na kijana wa Gairo. Mimi nilipiga picha kwa kamera ya binamu yetu Gaudensi, anayeishi Ujerumani, aliyoniachia alipokuja likizo Juni, na mke wangu akapiga kwa simu. Kamera ilikuwa bado inasoma saa za Ujerumani, nami nilijua tofauti ni saa mbili (kila Krismasi tunahesabu hivyo tukisubiri apige simu), basi nikaiamuru kompyuta iongeze saa mbili kwenye picha zote za kamera, ikazichanganya na za simu, na sikuzipitia tena kwa sababu nilijiona fundi.

Wiki iliyofuata wakwe wakaja kuzitazama kwenye televisheni yetu. Mzee Lukasi, baba mkubwa wa bwana harusi, alipewa kiti cha mbele, na kila picha ilikuwa na saa yake pembeni. Kanisani kukapita vizuri. Zikafuata za simu, ukoo wetu wote tunakula, mjomba ana paja la kuku mdomoni, na baada ya hapo ndipo kosta ya watu wa Gairo ikaonekana inafika ukumbini.

Mzee Lukasi akaweka kikombe chini. "Kumbe sisi tulikuja kula makombo."

"Hapana, mkwe," mama akasema. "Tuliwasubiri mpaka watoto wakalia njaa."

"Mama Theodora, saa imeandikwa pale. Sikuiandika mimi."

Wanawake wa Gairo wakaanza kukusanya khanga zao.

"Baba, naomba mketi kidogo," nikasema. "Mkiondoka na hasira, atakayeishi nayo huko ni dada yangu."

Nikampigia Gaudensi, nikaweka spika.

"Saa mbili ni Desemba," akasema. "Kiangazi huku saa husogezwa mbele, inabaki tofauti ya saa moja tu."

"Nani anaisogeza?" mama akauliza.

"Serikali, shangazi."

"Na jua?"

"Jua haliulizwi."

"Huyo ni ndugu yenu," Mzee Lukasi akasema. "Atasema mnachotaka."

Nikatafuta tukio moja ambalo simu na kamera zote mbili zililinasa, na (bahati yangu) lilikuwa moja tu, mama akidondosha sinia la wali katikati ya ukumbi, picha alizonisihi nizifiche. Nikamtazama. Akafunika uso kwa khanga.

"Weka," akasema.

Ya simu ilisoma saa saba na nusu mchana, ya kamera saa nane na nusu, sinia lile lile liko hewani, na katika ile ya kamera Mzee Lukasi yuko nyuma, amejifunga kitambaa kifuani, sahani imejaa.

Akasimama, akaisogelea televisheni. "Sinia moja halianguki mara mbili."

"Ndiyo, baba."

"Toa hiyo saa uliyozidisha, uanze upya."

Nikaitoa mbele yao. Kosta ikafika kwanza, chakula kikafuata.

"Mkwe," akamwuliza mama, "wali ule ulikuwa unakwenda wapi?"

"Kwenu."

Hapo wakacheka, khanga zikarudi kwenye viti.

Sasa kabla ya kazi yoyote kwa kila kamera napiga kwanza picha ya saa yangu ya mkononi, na picha zikishapangwa nazitazama zote peke yangu, hata ziwe elfu. Mama ameniambia Theodora akijaliwa mtoto, kwenye ubatizo niende mikono mitupu kama wageni wengine. Nitakwenda na kamera, na saa yake nitairekebisha mbele ya mama.