Lori la Rimoti Mbele ya Soko

Vita vilikuwa havijaisha Kisangani pale jirani yangu, fundi wa redio, alipomaliza kuunga lori lake la kwanza la rimoti, dogo lakini lenye injini ya mafuta, lililokuja vipande vipande ndani ya katoni. Mbele ya soko akasita.

"Bon, niwashe hapa?"

"Washa, papa, batu baone," nikamwambia, nikitaka watu wote walione.

Injini ikatoa mlio mkali. Wamama wote wakalala kifudifudi juu ya chikwange zao, mikate ya muhogo waliyokuwa wakiuza. Mmoja akainua uso wenye vumbi, akaniuliza: "Askari banarudia tena?"

Nilimwokotea chikwange, nikazipangusa vumbi. Fundi alilifungua lori skrubu kwa skrubu, akalirudisha ndani ya katoni. Hakunilaumu. Laiti angenilaumu.