Karatasi Yenye Jina la Jenista

Kaka yangu Amoni ni mtu mwema. Nalisema hilo mapema kwa sababu nikishaanza sitalisema tena.

Mwaka 2010, mwaka wa uchaguzi, hapakuwa na mtu Hasamba nzima aliyemzidi kwa kelele za siasa. Kwenye mashine ya kumenyea kahawa, ambako wanaume hupanga foleni na magunia yao tangu saa tisa alasiri, yeye ndiye aliyejua mgombea gani kaja na helikopta, nani kagawa khanga, nani kagawa chumvi, na nani atashinda kwa kura ngapi. Wapinzani hawakuwahi kupata mtetezi wa bure kama yule. “Safari hii wanatoka!” alikuwa akipayuka mpaka mate yanaruka. “Wanatoka mchana kweupe!” Wenzake wanapiga makofi, naye anaongeza sauti. Debe tupu haliachi kuvuma, lakini wakati ule mimi mwenyewe nilidhani lina kitu ndani.

Mkewe, wifi yangu Jenista, hakuwa mtu wa kelele. Alizaliwa huko milimani Ileje, Mndali, akaolewa kwetu Wanyiha mwaka 1988 akiwa na miaka kumi na tisa. Nakumbuka siku ya mahari. Wazee walimuuliza mbele ya watu kama anamtambua kijana huyu na kama ng'ombe wapokelewe. Kabla hajafumbua mdomo, shangazi yake akadakia: “Anamtambua, pokeeni.” Vigelegele vikapigwa. Mimi nilikuwa nimekaa naye mkeka mmoja, nikamwona ameshavuta pumzi ya kujibia. Akaishusha polepole kupitia puani, akainamisha kichwa.

Miaka ishirini na miwili ikaenda hivyo hivyo. Akija bwana shamba, “Mzee yupo?” Wakija watu wa ushirika, “Mzee yupo?” Asipokuwepo, wanarudi kesho, kana kwamba yule mama aliyesimama mlangoni na jembe mkononi ni kizingiti. Na mahindi yale alilima yeye. Kahawa alichuma yeye. Matofali ya nyumba wanayoizungukia alifyatua yeye, mimba ya mtoto wao Anyitike ikiwa imemfika kooni. Mimi nilipoachika nikarudi nyumbani, ni yeye aliyenikatia kipande cha kujenga, si kaka yangu. Kaka yangu alikuwa mashineni anahesabu kura.

Mimi nauza mitumba Tunduma. Jirani yangu wa meza ni Idrisa, Mrangi wa Kondoa, anawauzia Wazambia mabeseni na betri, na redio yake haizimwi. Siku moja ya mwezi wa tisa redio ikatangaza matokeo ya utafiti: watu wamehojiwa mijini na vijijini, wameulizwa wangempa nani urais kama kura ingepigwa leo. Chama kinachotawala kilikuwa mbele. Tena, akasema mtangazaji, kinapendwa zaidi na wanawake wa vijijini.

Idrisa akapiga beseni ngumi. “Mmesikia? Si niliwaambia? Mama zetu huko vijijini, khanga moja tu wameuza nchi!”

Mteja wake wa Kizambia akauliza kuna nini. Idrisa akaninyooshea kidole akicheka. “Muulize bamayo huyu, mama huyu. Wenzake ndio wanaotuangusha.”

Wanaume wote wa safu ile wakanigeukia. Nilikuwa nimeshika suruali ya jinzi, nikaikunja, nikaikunjua, nikaikunja tena. Nilikasirika vibaya, na aibu yangu ni kwamba sikumkasirikia Idrisa. Niliwakasirikia wanawake wenzangu. Kwa maana nilijua watafiti walipita mpaka kitongojini kwetu wiki mbili zilizopita, nyumba saba, na nyumba ya kaka yangu ilikuwa mojawapo.

Nilishuka kwenye gari jioni ile nikaenda moja kwa moja kwa wifi yangu. Nilimkuta uani anapepeta maharage.

“Wifi, nyinyi mna akili kweli?” nikamwambia hata salamu sijatoa. “Tunalima kwa mkono, zahanati haina dawa, mnaulizwa swali moja tu, na hilo moja mnajibu kwa kujipendekeza? Leo nimechekwa Tunduma mpaka na Mzambia!”

Aliendelea kupepeta. Nikamaliza yote niliyokuwa nayo, matusi kidogo pia yalikuwemo. Ndipo akaweka ungo chini.

“Umemaliza?”

“Nimemaliza.”

“Basi kaa.”

Akanisimulia. Kijana alikuja na mkoba na makaratasi, kofia kichwani, kaletwa na Zebedayo, mwenyekiti wa kitongoji. Nataka hilo likae akilini, kwa sababu Zebedayo ndiye huyo huyo anayepita kila mwaka kuandika majina ya watakaopata vocha za mbolea ya ruzuku. Kijana akaeleza kwamba hachagui mwenyewe wa kumhoji. Aliandika majina ya watu wazima wa nyumba ile kwenye vikaratasi, akavikunja, akavitia kwenye kofia, akamwambia Anyitike achomoe kimoja. Anyitike akachomoa, akasoma: Jenista.

“Basi nitaongea na mama,” kijana akasema.

“Mama ataongea nini?” akasema kaka yangu. “Muulize mwenye nyumba.”

Kijana akasema utaratibu hauruhusu. Kaka yangu akasema utaratibu wa nyumba hii ni huu. Zebedayo akakohoa. Jua lilikuwa linazama na kijana alikuwa bado ana nyumba tatu za kumaliza. Akaandika: mwanamke, miaka arobaini na mmoja, mkulima. Kisha akamgeukia kaka yangu na kumuuliza angempa nani kura ya urais.

“Akasemaje?” nikauliza.

“Akamtazama Zebedayo. Akasema, ‘Sisi hapa ni chama kinachotawala, tangu babu zetu.’”

“Nani kasema hivyo?”

“Kaka yako.”

“Amoni? Huyu Amoni wa wanatoka mchana kweupe?”

“Walipoondoka akaniambia, ‘Hiyo ni ya mbolea, usije ukaropoka kwa watu.’”

“Na wewe ulikuwa wapi muda wote huo?”

“Niliambiwa nikaange karanga za mgeni.”

Nilisimama. Sikuweza kukaa. Kile kidole nilichonyooshewa Tunduma, kile kicheko nilichochekwa, kumbe vyote ni kwa ajili ya mdomo wa kaka yangu mwenyewe! Nikataka niende nikamtoe kilabuni kwa sikio. Jenista akanishika khanga.

“Hilo la kusema uongo ni lake na Mungu wake,” akasema. “Mimi linaloniuma ni hili.” Akafungua fundo la khanga yake, akatoa kikaratasi kilichokunjwa mara nne. Jina lake lilikuwa pale kwa wino wa buluu, kwa mwandiko mzuri wa shule. “Kijana alikitupa, nikakiokota. Wifi, ile ilikuwa zamu yangu. Hakunichagua mtu. Nilitoka kwenye kofia.”

Macho yake yalikuwa makavu kabisa. Yaliyolia ni yangu, na kwa hasira.

Kesho yake sikwenda Tunduma. Alasiri tulijitwika kahawa mbivu kila mtu debe lake tukaenda mashineni. Tulisikia sauti ya kaka yangu kabla hatujaona paa.

“Wanawake!” alikuwa akisema. “Wanawake ndio wametuuza! Sisi tunapigana usiku na mchana, wao chumvi robo kilo tu wamelegea!”

Naapa alisema hivyo, bila kupepesa macho. Nadhani alikuwa ameshasahau alichokisema uani kwake.

Watson, rafiki yake, akasimama juu ya gunia. “Dawa ni moja. Shahada zao za kupigia kura tuzikusanye. Asubuhi ya uchaguzi unampa yake mkononi na kumwonyesha pa kuweka alama.”

“Ya mke wangu nimeshaifungia sandukuni tangu jana,” kaka yangu akasema. “Ufunguo huu hapa.” Akauinua watu wauone, wakashangilia.

Kumbe hilo Jenista alikuwa halijui. Nilimwona anasimama ghafla na debe kichwani. Kisha akaenda mpaka mbele kabisa ya foleni, akalitua debe lake miguuni mwa yule anayezungusha mashine, akakaa juu ya ubao wa kumwagia kahawa. Mashine ikasimama.

“Mama Anyitike, foleni ni huku,” mtu akasema.

Akatoa kikaratasi chake, akakikunjua, akakiinua kama kaka yangu alivyoinua ufunguo. “Hili ni jina langu. Lilitoka kwenye kofia ya mtafiti. Amoni, waambie watu, siku ile alijibu nani?”

Kaka yangu akacheka kidogo. “Twende tukaongelee nyumbani.”

“Nyumbani ndiko ulikojibu. Hapa ndipo unaponisema.” Akageuka. “Watson, kwenu kofia ilimtoa nani?”

Watson akashuka kwenye gunia. Mkewe alikuwa kwenye vichanja anageuza kahawa. Akajibu bila kuinua kichwa. “Ilinitoa mimi. Alijibu yeye.”

“Alisemaje?”

“Alichosema Amoni.”

Tukaanza kuulizana palepale. Kati ya zile nyumba saba, kofia ilitoa wanawake wanne. Kati ya wale wanne, hakuna hata mmoja aliyefumbua mdomo. Wote walikaanga karanga au walitumwa maji. Na redio ilituhesabu! Mtangazaji kule mjini akasema wanawake wa vijijini, Idrisa akapiga beseni, Mzambia akacheka, na huku kwetu wanaume wale wale wakashika viuno na kutuita wauza nchi. Mkuki kwa nguruwe.

“Tulidhani ni ya mbolea,” Watson akasema taratibu.

Hakuna aliyecheka, na mimi ndiyo kabisa. Wanaume wazima, wenye mapafu ya kuamsha mtaa, wanaogopa kikohozi cha Zebedayo kisha wanajificha ndani ya majina ya wake zao. Nililisema hilo kwa sauti, na mengine ambayo sitayaandika. Zebedayo, aliyekuwa kwenye foleni na magunia mawili, akasema yeye alikuwa na kikohozi kweli.

“Nataka shahada yangu,” Jenista akasema.

“Nitakupa siku ya kura,” akasema kaka yangu.

“Basi na mashine itazunguka siku ya kura.”

Kila mkulima wa kahawa anajua maana yake. Kahawa mbivu iliyochumwa leo humenywa leo. Ikilala ndani ya gunia inachacha, na ikichacha jasho la mwaka mzima linashuka daraja. Jua lilikuwa limeshapita mti wa mlonge. Mke wa Watson akaacha kichanja, akaja akakaa ubaoni karibu na Jenista. Nami nikakaa. Akaja mwingine, na mwingine, mpaka ubao ukajaa na wengine wakakaa juu ya madebe yao. Hatukuimba wala kugombana. Tulikaa tu, kahawa yetu nayo ikiwa inachacha kama yao.

Wanaume walianza kwa utani. Wakaja kwenye vitisho. Mmoja akasema ataturusha kwa nguvu. Nikamwambia aanze na mimi, kwani mimi sina mume wa kumwogopa. Kisha wakaanza kumnung'unikia Amoni. Zebedayo mwenyewe ndiye aliyemwambia, “Bwana, mpe mkeo kitu chake, kahawa yangu inaoza.” Mtetezi wa wapinzani akamtii mwenyekiti mara ya pili ndani ya mwezi mmoja.

Alikwenda akarudi anahema. Alimpa Jenista ile shahada bila kumtazama usoni. Jenista akaiangalia picha, akasoma jina lake mpaka mwisho, akaifunga kwenye khanga pamoja na kile kikaratasi. Ndipo akanyanyuka, akamwaga debe lake kwanza. Watson alimpa mkewe ya kwake usiku ule. Wengine nasikia walizichukua wenyewe, na mmoja hakupewa mpaka leo.

Kura ilipigwa Jumapili ya mwisho ya mwezi wa kumi. Jenista alitoka alfajiri peke yake, akasimama kwenye mstari mrefu wa shuleni, akarudi na wino kidoleni, akawasha moto akapika. Mwezi wa kumi na moja orodha ya vocha ikabandikwa. Kaka yangu aliisoma mara tatu kutoka juu hadi chini, na jina lake halikuwemo.

Tangu siku ya kura hakuwa na raha. Hakujali tena nani kashinda nchini. Alitaka kujua kura ya mkewe ilikwenda wapi. Aliuliza kwa ukali, akauliza kwa kubembeleza, akanituma mimi nimuulizie nikamwambia ajitume mwenyewe. Jioni moja tulikuwa tunakula ugali kwangu, akashindwa kuvumilia.

“Mama Anyitike, mimi si mumeo? Niambie tu. Ulimpa nani?”

Jenista alimaliza tonge lake. Akanawa mkono ule wenye wino uliokuwa bado haujatoka vizuri ukuchani.

“Yule kijana akirudi na kofia yake nitamwambia,” akasema. “Likitoka jina langu, wewe kakaange karanga.”