Msomaji wa Saa Saba Mchana

Balbina alikuwa mkutubi wa chuo kidogo cha afya pembeni mwa mji wa Ifakara, na kwa miaka kumi na moja hakuna kitu kilichowahi kumtisha ndani ya maktaba yake. Kilikuwa chumba kirefu chenye kompyuta sita, rafu za vitabu vilivyokwisha kuchakaa, na feni iliyolia kama kifaranga aliyepotezana na mama yake. Yeye mwenyewe alizaliwa upande wa Mahenge, akashuka bondeni kusoma, akaolewa, akafiwa na mume, akabaki. Wanafunzi walimwita Mama Maktaba, naye aliliitikia jina hilo kama alilobatizwa.

Kila mwezi wa sita alitakiwa kupeleka ripoti yenye mambo mawili: walimu wa chuo wamechapisha makala ngapi za utafiti, na majarida ya mtandaoni yamesomwa kiasi gani. Ripoti hiyo ilikuwa inamtia aibu. Chuo kilikuwa na mlango wa kuingilia kwenye maelfu ya majarida, lakini waliokuwa wakiingia walihesabika kwa vidole. Alishawafundisha walimu mara ngapi, wakatikisa vichwa, wakanywa chai, wakaenda zao.

Mwaka huo alipofungua orodha ya watumiaji, jina la juu kabisa lilikuwa la Dakta Evarist. Alikuwa ameingia siku mia tatu na nane tangu mwezi wa sita uliopita.

Balbina alicheka kidogo, maana alidhani mashine imechanganya mambo. Kisha kicheko kikamkauka mdomoni. Dakta Evarist alikufa mwezi wa tatu mwaka uliotangulia. Alianguka na pikipiki njia ya Kiberege akitoka kwenye utafiti wake wa kifafa cha watoto, akakata roho kabla ya kufikishwa hospitali. Balbina alikuwepo mazishini. Aliuona udongo ukitupwa.

Akatazama saa za kuingia. Zote zilikuwa mchana, saa saba na dakika chache, siku baada ya siku. Jumapili hazikuwemo.

Akafungua maneno yaliyotafutwa. Hakukuta majina ya dawa wala ya magonjwa, wala zile sentensi ndefu za kitaalamu alizozizoea marehemu. Lilikuwepo neno moja, limeandikwa na kurudiwa ukurasa baada ya ukurasa: Agnella. Agnella. Agnella. Mara chache liliongezewa kitu: Agnella kifafa. Agnella Katindiuka. Agnella wa Restuta. Na kila mahali, upande wa kulia, mashine ilikuwa imejibu jambo lile lile: matokeo sifuri.

Siku hiyo ya Ijumaa alibadilisha neno la siri la akaunti ile. Aliweka maneno ya sala ya marehemu bibi yake, kwa Kipogoro cha kwao Mahenge, ambayo hakuna mtu chuoni angeweza kuyabuni. Jumatatu akamwita Luqman, kijana wa mitambo, mtoto wa wenye duka la vitambaa mjini, mtu asiyeamini chochote ambacho hakina waya.

"Mama, wewe una wasiwasi wa bure," Luqman alisema akivuta kiti. "Mtu kaiba neno la siri. Umeshalibadilisha, basi."

Wakakaa kutazama. Nje jua lilikuwa limesimama utosini, wanafunzi wamekwenda kula, na hata mti wa mwarobaini dirishani haukutikisa jani. Saa saba na dakika nne, kwenye orodha ya walio ndani, jina likajitokeza. Dakta Evarist.

"Audhubillahi," alisema Luqman.

Neno la kwanza likaja: Agnella. Matokeo sifuri. Pakapita dakika nzima, kama mtu anayepumua. Agnella. Matokeo sifuri. Kisha yakaja maneno ambayo hayakuwahi kuonekana popote kwenye orodha, sentensi nzima ya Kiingereza kilichonyooka, iliyouliza mgonjwa wa kumi na saba aliishia wapi.

Balbina aliisoma mara mbili. Ndivyo alivyokuwa akiandika Evarist, moja kwa moja, bila mapambo.

Luqman alijikaza. Alieleza kwamba chombo kilichokwisha kuingia hubaki ndani hata ukibadilisha kitasa, mpaka ukifukuze. Alibonyeza hapa na pale. "Hiki ni kishikwambi, mama. Tena ni cha chuo, laini ya mradi. Bando linajazwa kila mwezi, hakuna aliyekumbuka kulikata. Nikitoe?"

"Usimtoe," alisema Balbina. Baadaye alijiuliza kwa nini hakusema "usikitoe".

Maktaba ndiyo iliyokuwa ikiazimisha vishikwambi kwa watafiti. Akateremsha daftari la miaka miwili nyuma, akaupata mwandiko wa Evarist uliolala upande: kishikwambi namba sita, kinapelekwa Katindiuka, kwa mama yake Agnella, mgonjwa wa kumi na saba, kurekodi mishtuko ya kifafa. Sehemu ya kurudisha ilikuwa tupu.

Kesho yake asubuhi alipanda bodaboda hadi Katindiuka. Aliuliza njiani, akaelekezwa nyumba ya mwisho kabla ya mashamba ya mpunga. Alimkuta mwanamke mwembamba wa miaka arobaini hivi, anaanika mpunga kwenye turubai. Mwanamke huyo alimtazama mgeni, akatazama kitambulisho cha chuo kilichoning'inia shingoni mwake, akafuta mikono upesi kwenye khanga.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Wewe ndiye Restuta?"

"Ndimi. Karibu, karibu sana. Dakta amekutuma?"

 Balbina aliketi kwenye kigoda alichopewa. Waligundua kwamba wote wana asili ya Mahenge, wakasalimiana upya kwa Kipogoro, wakaulizana koo, na muda wote huo Restuta alikuwa na furaha ya mtu aliyesubiri mgeni kwa siku nyingi.

"Nilijua atamtuma mtu," alisema. "Jana kanijibu."

"Nani kakujibu?"

"Dakta. Mimi naandika jina la mwanangu kila mchana. Alinionyesha mwenyewe pa kuandika. Alisema, mama, mtoto wako ataandikwa, atasomwa dunia nzima, ukitaka kumwona unaandika hapa. Basi naandika. Hatokei. Jana nikiwa nimegusa pale, yakajitokeza maneno ya Kizungu yenyewe. Mimi Kizungu sijui. Nikayagusa, yakaenda. Nikasema, huyu ni dakta, kanikumbuka."

Balbina alijua kwamba mashine hizi hukisia maneno na kumpa mtu achague. Alijua pia kwamba hukisia yale ambayo mwenyewe amewahi kuyaandika, na kishikwambi kile alikitumia Evarist. Alijiambia hivyo. Lakini Evarist alipokuwa hai, mgonjwa wa kumi na saba alikuwa chini ya macho yake, na hapakuwa na sababu ya kuuliza aliishia wapi.

"Agnella yuko wapi?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Twende," alisema Restuta. "Hata hivyo saa inakaribia."

Walipita kwenye jaruba kavu mpaka kwenye kichuguu kikubwa kilichosawazishwa juu. Huko ndiko maji ya masika hayafiki, na huko ndiko familia ilikozika watu wake. Kaburi moja lilikuwa dogo, lenye msalaba wa mbao. Agnella alikufa mwezi wa tano, majuma tisa baada ya ajali ya Kiberege. Alianguka kisimani kwenye mshtuko, saa saba mchana, wakati mama yake amekwenda kuchukua ndoo ya pili. Alikuwa na miaka kumi na mmoja.

"Mtandao unashika hapa tu," alisema Restuta, akakaa karibu na msalaba na kutoa kishikwambi ndani ya mfuko wa nailoni. "Kule nyumbani haushiki kabisa. Jumapili siji, nakuwa kanisani."

Balbina alitazama kidole kile kilichopasuka kwa jembe kikitafuta herufi moja moja. A. G. N. Aliushika mkono wa mwenzake.

"Restuta, dakta hajakujibu. Dakta alifariki. Mwezi wa tatu, mwaka jana. Kabla ya Agnella."

Restuta hakulia. Alitazama jaruba la mpunga lililovunwa na mabua yake ya manjano. Upepo haukuwepo. Kisha akasema jambo ambalo Balbina hakuweza kulisahau.

"Kwa hiyo mimi nilimrekodi mtoto nikamtumia marehemu."

Evarist alimwambia, likitokea lolote, rekodi, mimi nitaona. Naye siku ile, kabla ya kupiga ukelele wa msiba, alirekodi. Dakika mbili. Akamngoja dakta. Hakuja yeye wala mtu mwingine wa chuo. Akaanza kuandika jina.

"Unataka kuona?" aliuliza, kidole juu ya kioo.

Kabla Balbina hajasema kitu, kidole kikateleza, ikafunguka rekodi nyingine, na sauti ya Evarist ikatoka pale juu ya makaburi, nzima, yenye afya, ikimwambia mtoto: "Haya Agnella, hesabu mpaka kumi." Na sauti ya msichana ikaanza. Moja. Mbili. Tatu. Ilipofika saba ikanyamaza, na kilichobaki ni mlio wa kuku na pumzi ya mtu anayengoja. Restuta akaizima. Ile ya dakika mbili hawakuifungua.

Balbina alirudi chuoni akatafuta machapisho ya marehemu. Makala ilikuwepo: ilikuwa imetoka mwezi wa kwanza, ikakamilishwa na wenzake wa nje, jina lake likiwa la kwanza na msalaba mdogo pembeni, alama ya mwandishi aliyefariki. Kwenye ripoti ya chuo ilikwisha kuhesabiwa kama chapisho moja. Tatizo ni kwamba jarida lenyewe halikuwa miongoni mwa yale ambayo chuo kinaweza kuyafungua. Utafiti uliofanywa Katindiuka, Ifakara hawakuweza kuusoma. Akamwandikia profesa mmoja wa huko nje, na baada ya siku tano akaletewa.

Aliisoma peke yake kwanza, mlango umefungwa. Hakukuwa na majina, ila namba. Namba kumi na saba alikuwa msichana wa miaka kumi, mishtuko mitatu kwa juma, mama msikivu. Halafu kwenye jedwali la mwisho, safu ya matokeo, watoto ishirini na tisa walikuwa na maelezo yao, na mmoja alikuwa na neno moja la Kiingereza ambalo Balbina alilitazama mpaka macho yakauma. Mgonjwa wa kumi na saba: amepotea.

Alielewa ilivyokuwa. Evarist ndiye pekee aliyezijua nyumba. Alipokufa, wenzake walipiga simu isiyoshika, wakaandika walichoweza. Hakukuwa na ubaya. Lakini alipopanda tena bodaboda kwenda kumsomea mama wa mtoto, alitamani njia isifike.

Walikaa kule kule kichuguuni. Balbina alisoma Kiingereza kwa macho na kusema Kipogoro kwa mdomo. Restuta alisikiliza yote, akatabasamu kidogo penye "mama msikivu". Walipofika kwenye jedwali, Balbina alilitafsiri neno lile moja.

"Amepotea?" Restuta aliuliza.

"Ndivyo walivyoandika."

"Nani kampoteza?" Aligeuka akaupiga udongo kwa kiganja, mara moja, kama mtu anayegonga mlango. "Si huyu hapa? Hajatoka hapa. Kila siku nakuja, yuko hapa. Wewe unayejua Kizungu chao, waambie."

Balbina akawaambia. Ilichukua miezi saba. Alimwandikia profesa, profesa akaliandikia jarida, jarida likataka ushahidi, ikabidi cheti cha kifo ambacho hakikuwepo, ikabidi barua ya paroko na ya mtendaji wa kijiji. Mwishowe yalitoka masahihisho ya mistari mitatu: kwamba mgonjwa wa kumi na saba hakupotea, kwamba alifariki tarehe fulani kwa kuzama maji wakati wa mshtuko, na kwamba waandishi wanaishukuru familia. Kwenye kumbukumbu za maktaba, ambako kuna nafasi ya maneno ya utafutaji, Balbina aliomba idhini ya Restuta kwa sahihi, akaandika jina la mtoto.

Siku hiyo Restuta alikuja mwenyewe maktabani na gauni lake la kanisani. Aliandika herufi zote bila kusaidiwa. Mashine ikajibu: tokeo moja. Alilitazama, akainuka, akasema anawahi gari la kwenda Mang'ula kwa dada yake. Kishikwambi alikiacha mezani. Rekodi zake zilipelekwa ofisi ya utafiti, zote isipokuwa ile ya dakika mbili, ambayo aliomba ifutwe, ikafutwa mbele yake kabla hajaondoka.

Luqman alipokuwa anakisafisha chombo, alimwita Balbina pembeni. Alikuwa amepitia kila kitu kilichowahi kuandikwa mle ndani. Majina yote ya Agnella yalikuwepo, mamia. Ile sentensi ya Kiingereza haikuwepo.

"Labda ilifutika," alisema, bila kumtazama usoni.

"Labda," Balbina alijibu. Hakuuliza tena, na Luqman hakuwahi kulizungumzia.

Tangu hapo, mwalimu akileta makala isajiliwe, Balbina huifungua kwenye jedwali la mwisho. Akikuta waliopotea, humuuliza mwalimu ni akina nani, na mara ya mwisho walionekana wapi. Wengine humcheka. Wengine hukasirika, kwamba mkutubi anaingilia yasiyomhusu. Lakini mmoja, Salha, mwalimu mgeni aliyekuwa na watatu waliopotea, alikwenda Kiberege kuwatafuta. Wawili aliwakuta wazima, wanavuna. Wa tatu alionyeshwa mahali alipozikwa.