Paa Aliyekuwa na Mama

Dobi wa hospitali tulimwita Baba Yatima, naye jina hilo alilipenda kuliko alivyokuwa tayari kukiri. Ukimwita hivyo barabarani alijifanya kukunja uso, kisha hatua kumi zilizofuata alitembea kifua mbele. Kazini alikuwa mtu wa mashuka: kuloweka, kufua, kukamua, kukunja, miaka ishirini na sita ndani ya chumba chenye mvuke, hadi ngozi ya vidole vyake ikawa na mikunjo isiyoondoka hata siku ya mapumziko. Nyumbani alikuwa mlezi wa wanyama waliofiwa na mama zao.

Ilianza na paka. Siku moja kikapu cha mashuka machafu kilishushwa kutoka wodini, na ndani yake mlikuwa na vitoto vitano vya paka, macho bado yamefumba. Mama yao alikuwa amegongwa na gari la wagonjwa asubuhi ile. Wenzake walisema vitupwe. Yeye akavitia kifuani, ndani ya shati, akamaliza zamu yake navyo vikimkwaruza tumbo. Vitatu vilipona. Tangu hapo kila aliyeokota mnyama alijua pa kumpeleka: watoto wa mbwa waliofungwa kwenye gunia, njiwa aliyeanguka kiotani, komba mchanga aliyeachwa na moto wa vichaka.

Binti yao alipoolewa, chumba chake kikawa cha wanyama. Mke wa dobi, fundi cherehani anayeshonea barazani, alilalamika kidogo tu. "Binti yako kaondoka na sanduku moja," alimwambia, "wewe umeingiza ukoo mzima."

Lakini kazi aliijua. Alilisha kwa bomba la sindano lililotolewa sindano, tone kwa tone, mnyama akiwa amelala kifudifudi ili maziwa yasiingie kwenye mapafu. Alijaza chupa maji ya moto, akaivika soksi, ikawa joto la mama. Baada ya kila mlo alimpangusa mnyama mchanga makalio kwa pamba yenye maji ya vuguvugu, maana bila hivyo wengine hawawezi hata kukojoa. Na wale wa porini hakuwazoesha: hakuwapa majina, hakuwabembeleza, hakuzungumza nao. Mtu akija mbio kumwambia kaona mtoto wa mnyama peke yake, alimkatiza hapo hapo: "Usimguse. Rudi nyuma, kaa mbali, ngoja mpaka jioni. Mama zao huwaficha wakaenda kula. Ukimchukua, umeiba mtoto wa mwenzio."

Nayasema haya kwa sababu aliniambia mwenyewe, barazani kwangu, kwamba asingekuwa anajua, aibu yake ingekuwa nusu.

Mwaka juzi mwalimu mmoja wa shule ya msingi alimfuata chumba cha kufulia. Alikuwa na darasa la watoto arobaini waliosikia habari zake, na walitaka kuja Jumamosi kuona anavyolea wanyama. "Hasa wa porini, mzee wangu. Wengi hawajawahi kumwona hata mmoja kwa karibu."

"Waje," dobi alisema. "Hawatakosa kitu."

Alipofika nyumbani akafungua mlango wa chumba cha wanyama. Watoto wa mbwa walikuwa wameshapata watu wa kuwafuga wiki iliyopita. Komba alikuwa amesharudi porini. Kilichobaki ni paka mmoja mzee, kipofu, na njiwa mwenye bawa bovu ambaye muda wote aliwapa watu mgongo. Dobi alitazama maboksi matupu yaliyopangwa ukutani na akahisi kama fundi aliyeita wateja dukani huku rafu hazina kitu.

Siku mbili kabla ya Jumamosi, mkata nyasi wa hospitali alipita dirishani kwake. "Mzee, kule nyuma ya tangi la maji kuna mtoto wa paa amelala kwenye nyasi. Nimezima mashine. Nifanyeje?"

"Nakuja," dobi akasema.

Nyuma ya tangi nyasi zilifika magotini, na ng'ambo ya uzio wa waya uliotoboka kulikuwa na vichaka hadi bondeni. Paa mdogo alikuwa amejikunja, masikio yamelazwa nyuma, hata kope haichezi. Hakuwa mkubwa kuliko paka aliyeshiba. Dobi alichutama. Manyoya yalikuwa safi, yamerambwa. Tumbo lilikuwa limejaa. Hakukuwa na nzi wala kidonda, wala ile milio ya mtoto mwenye njaa. Kila dalili aliyokuwa akiwafundisha watu ilikuwa pale mbele yake, na zote zilisema mnyama huyu ana mama.

Kisha akainua macho, akamwona mama mwenyewe. Alikuwa amesimama ng'ambo ya uzio, kati ya vichaka viwili, mguu mmoja wa mbele ameuinua, anamtazama.

"Nilimwona," aliniambia. "Sina la kusema kwamba sikumwona. Tulitazamana."

Alimfunika paa mdogo kwa shuka la hospitali, akambeba. Mkata nyasi alikuwa amebaki upande wa pili wa tangi na mashine yake, hakuona kitu. "Vipi, ni yatima?" aliuliza.

"Mama yake kagongwa barabarani," dobi akajibu. Uongo ulitoka mwepesi kiasi kwamba yeye mwenyewe alishangaa.

Nyumbani alimwambia mkewe hayo hayo. Mkewe aliweka chini kitambaa alichokuwa akishona, akamwangalia mnyama machoni, akafuta machozi kwa ncha ya kanga. Kufikia jioni kila mteja aliyekuja kupimwa nguo alikuwa ameshasimuliwa habari ya paa aliyegongwa na kumwacha kichanga wake nyasini.

Jumamosi watoto walikaa uani wamebanana. Dobi alivaa shati la kazini lililopigwa pasi. Alieleza habari za joto, za maziwa, za usafi, kisha akaingia ndani na kutoka na paa mdogo mikononi. Watoto wote walivuta pumzi kwa pamoja. Alimnyonyesha kwa chupa mbele yao, mkia wa yule mnyama ukichezacheza, na mwalimu akapiga picha. "Mnaona?" mwalimu aliwaambia watoto. "Mama hayupo, lakini Mungu kamleta huyu babu." Wakapiga makofi. Dobi alicheka na kukuna shingo.

Alikuwa amejiahidi kumrudisha Jumamosi hiyo hiyo, wageni wakishaondoka. Lakini baadhi ya wazazi walibaki, na Jumapili wakaja majirani walioona picha, na Jumatatu kazini hata muuguzi mkuu alishuka chumba cha kufulia kumpa mkono. Angemrudisha vipi mnyama ambaye mama yake amekufa? Kila aliyempongeza alikuwa akimpigilia msumari mwingine mlangoni.

Jumanne mkata nyasi akasimama tena dirishani. "Mzee, kuna paa jike anazunguka pale nyuma ya tangi kila jioni. Anatoa kasauti fulani hivi, kama mtu anayeita chinichini. Si ulisema kagongwa?"

"Atakuwa mwingine," dobi akasema, na akarudi kwenye mashuka yake. Aliyakunja vibaya, ikabidi ayakunjue na kuanza upya.

Zikapita siku nne nyingine. Mnyama alianza kumfuata chumbani, akimgonga miguu kwa pua, na dobi, aliyewakataza watu kwa miaka mingi wasifanye hivyo, alijikuta akimkuna nyuma ya sikio. Ilikuwa kama kumwomba radhi. Kisha, Jumamosi ya pili, paa alikataa chupa. Tumbo lilimvimba, likawa gumu kama ngoma, akaanza kuhara.

Walimwita daktari wa mifugo, mwanamke kijana mwenye buti za mpira na maneno machache. Alipiga magoti sakafuni chumbani mle, akamgusa mnyama tumbo, akamtia bomba la kutoa hewa, akamchoma sindano. Mkewe dobi alikuwa ameshika taa ya mkononi.

"Maziwa ya dukani ni mazito kwake, hayamfai," daktari alisema. "Mama yake ulimwona mwenyewe amekufa?"

"Ndiyo."

Daktari alinawa mikono, akafunga mkoba. Halafu akamwekea dobi mkono begani. "Basi usijilaumu, mzee wangu. Isingekuwa wewe, huyu angekufa siku ile ile pale nyasini."

Hapo ndipo yalipomshinda. Shutuma angeivumilia. Mkono ule begani ndio uliomvunja. Dobi alikaa juu ya boksi likabonyea chini yake, akafunika uso kwa ile mikono yake yenye mikunjo.

"Alikuwa na mama," akasema. "Nilimwona. Yuko hai. Anamtafuta mpaka leo."

Aliyejibu ni mkewe, polepole, taa ikiwa bado mkononi. "Nimelia mbele ya watu kwa ajili ya mama yake. Nimewasimulia wateja wangu. Kumbe umenivika miwani ya mbao na mimi sijui."

"Watoto walikuwa wanakuja, na sikuwa na cha kuwaonyesha," dobi alisema, na aliposikia sababu hiyo kwa sauti yake mwenyewe akaiona ndogo sana, ndogo kiasi cha kutamani ardhi ipasuke immeze.

Siku tatu baadaye, mnyama alipopata nguvu, walijaribu kumrudisha. Walikwenda jioni, jua halijazama: daktari, dobi na mkewe. Walimlaza paa mdogo mahali pale pale, wakajificha nyuma ya tangi. Nusu saa haikupita, jike akatokea. Alipenya kwenye tundu la uzio, akasimama, akatoa ile sauti yake ya chinichini. Dobi aliniambia hajawahi kusikia kitu kilichomwingia mwilini kama sauti ile.

Paa mdogo aliinuka. Alimtazama mama yake. Kisha akageuka, akaja mbio kwenye tangi, akampita daktari, akampita mke wa dobi aliyeshika shuka, akamfikia dobi na kuanza kumgonga magoti kwa pua akitafuta chupa.

Jike alishtuka alipoona watu. Kwa kuruka mara mbili alikuwa ameshapotea vichakani.

Walirudia kesho yake na keshokutwa yake. Siku ya pili jike alifika uzioni tu. Siku ya tatu hakuja, na mkata nyasi hakumwona tena.

Daktari akatafuta nafasi katika hifadhi moja ndogo, nje ya mji, inayotunza wanyama wasioweza kurudi porini. Siku ya kumpeleka, dobi aliuliza kama kuna adhabu anayostahili. Daktari alimjibu kwamba angeweza kumwandikia ripoti, na bado anaifikiria, lakini kuna watu arobaini ambao dobi alipaswa kuanza nao.

Basi akaenda shuleni. Mkewe hakumsindikiza. Alisimama mbele ya darasa akiwa na kofia mkononi, akawaambia yote bila kuzungukazunguka: kwamba paa hakuwa yatima, kwamba yeye alijua, kwamba alimchukua ili wao waje wakute mnyama wa porini na kumsifu yeye. Mwalimu aliinamisha kichwa akawa anapanga chaki ambazo tayari zilikuwa zimepangika.

Msichana mmoja wa kiti cha nyuma akanyoosha mkono. "Babu, kwa hiyo ni kwa sababu yetu? Sisi ndio tuliotaka kumwona."

Dobi alidhani alikuwa ameshaonja aibu yote iliyokuwapo. Kumbe ilikuwa bado. Watoto wale walikuwa wanamtazama wakingoja kuambiwa kama wana kosa.

"Hapana, mjukuu wangu," akasema. "Ninyi mliomba kuona. Aliyeiba ni mimi. Mkisema kingine chochote, mtakuwa mnanisaidia, na sitaki mnisaidie."

Bado analea. Watu hawakuacha kumpelekea, na vitoto vya paka havina habari na mambo ya mtu. Wa porini hawapokei tena bila daktari kufika kwanza, na mlangoni pa chumba amebandika namba ya simu ya daktari kwa maandishi makubwa. Majirani wengine wameshasahau, wengine wanajifanya wamesahau, na mmoja wawili humsalimia kwa mlio wa paa wakicheka. Yeye huitikia salamu.

Kila mwisho wa mwezi huenda hifadhini. Paa amekuwa mkubwa, ana afya, ana uwanja wenye miti. Lakini mtu yeyote akisimama kwenye waya, humjia na kumlamba vidole. Wageni hufurahi sana. Mara ya kwanza mkewe alipokubali kwenda naye, bibi mmoja pale alimwambia dobi, "Tazama anavyokupenda!" Dobi aliposikia hivyo aligeuka, akaenda kungoja getini, mgongo kwa watu.

Njiani kurudi walitembea mpaka kituoni. Ndipo mkewe akasema, "Mwezi ujao usikimbilie getini. Mimi nilibaki namtazama, na si mimi niliyemchukua."

Mwezi uliofuata alibaki. Wageni walikuwa wengi, watoto wanapiga kelele, na paa akaja moja kwa moja kwenye waya. Dobi akamtolea vidole vyake, mkewe akiwa pembeni yake, na akavumilia kulambwa mpaka mnyama alipochoka mwenyewe akaondoka.