Mlingoti wa Mita Sita

Niliondoka Kibwezi Jumatano asubuhi kwenda kutazama kazi yangu mwenyewe iliyoharibika. Mwezi wa tisa nilikuwa nimemfungia Mwende antena mbili, moja kilimani na nyingine sokoni Nuu, ili avute intaneti na kuwauzia majirani zake bila kuchimba mtaro wa waya. Ilifanya kazi vizuri hadi mvua ziliponyesha. Sasa ilikuwa imekufa wiki tatu, na wateja walikuwa wameanza kumrudishia vifaa mmoja mmoja. Alinipigia simu mara moja tu. "Fundi Muli, kuja ujionee," akasema, kisha akakata. Angenitukana ningelala vizuri zaidi.

Nieleze kidogo kazi hii, maana hata mke wangu huwa anadhani nauza sahani za televisheni. Ukitaka kurusha intaneti hewani, unasimama upande huu, unaangalia upande ule. Ukiona unakokwenda, mawimbi yatapita. Baada ya hapo unachagua: sahani kubwa au ndogo, redio ya masafa gani, mlingoti wa urefu gani. Mimi nilimchagulia Mwende sahani ndogo na mlingoti wa mita sita kila upande. Yeye alitaka mrefu zaidi. "Huku kukinyesha hutaona hata kanisa," aliniambia siku ile, tukiwa tumesimama kwenye vumbi, miti yote mitupu. Nilicheka. Nilimwambia mlingoti mrefu ni kujisumbua na upepo bure.

Saa mbili asubuhi nilivuka mto Athi, maji yamejaa, rangi ya chai ya maziwa. Kutoka hapo hadi Mutomo, na kutoka Mutomo hadi Kitui mjini, nilipita katikati ya kijani kitupu. Mbaazi zilikuwa zimefika kiunoni. Watu walikuwa shambani wakipalilia, wengine wakiimba, na kila niliposimama mtu alisifu mvua. Mimi niliiangalia ile miti na moyo ukazidi kuwa mzito. Barabara hiyohiyo, mwezi wa tisa, ungeweza kumwona mbuzi umbali wa nusu kilomita kupitia vichaka. Sasa nisingeona ng'ombe nyuma ya kichaka cha kwanza. Jani moja halizuii kitu. Lakini majani ya mvua, mabichi, yamejaa maji, hunywa mawimbi mpaka yasibaki. Nilifundishwa hivyo chuoni, nikajibu swali hilo kwenye mtihani, kisha nikaja kupima njia ya mawimbi ya Ukambani wakati wa kiangazi.

Kabati nilifika saa sita. Nilikunywa chai, kisha nikaingia duka la vifaa vya ujenzi kutafuta bolti. Nje kulikuwa na mabomba ya chuma marefu yameegemezwa ukutani. Matatu yangeunganishwa yangekuwa mlingoti wa mita kumi na nane.

"Unaangalia hizo mabomba kama umezikosea," mwenye duka alinitania. "Nikufungie ngapi?"

"Leo sichukui."

"Na unaelekea wapi?"

"Nuu."

"Nuu! Basi angalia huo mto wa mchanga vizuri. Jana umeshuka na maji."

Nililipia bolti nikaondoka. Kununua yale mabomba kungekuwa kukiri kosa kabla sijaulizwa, na mimi sikuwa tayari. Naandika hivi kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Mto ule ulinikalisha saa mbili ukingoni, nikisubiri maji yapungue. Nilifika Nuu saa kumi jioni, pikapu imejaa matope. Mwende alinipokea bila kelele. Alinipa maji ya kunawa, akanipa chakula, akanionyesha vifaa saba vilivyorudishwa, amevipanga mezani vizuri na kuvipangusa vumbi.

"Kuna mtu mmoja amekataa kurudisha," alisema. "Mama Ndinda. Anasema atangoja."

Mama Ndinda ni mjane anayeishi karibu na soko. Binti yake, Ndinda, anafanya kazi ya nyumbani Saudia, na hupewa simu Ijumaa mchana tu. Mtandao wa kawaida pale Nuu hubeba sauti kwa kukatakata, lakini picha haibebi. Tangu mwezi wa tisa mama alikuwa anauona uso wa mwanawe kila Ijumaa. Ijumaa tatu zilikuwa zimepita hajauona, na katika ile ya mwisho Ndinda alikuwa amemwambia ni mgonjwa.

Alhamisi asubuhi nilipanda mlingoti wa sokoni. Redio ilionyesha themanini na sita. Mwezi wa tisa ilikuwa sitini na mbili. Katika hesabu hizi namba ikipanda mawimbi yamefifia, na ikipita themanini unabaki na taa zinazowaka tu. Nikaangalia kuelekea kilimani. Karibu kabisa, katika boma la Mama Ndinda, mti mkubwa wa mulaa, ndio mgunga, ulikuwa umetandaza majani yake njiani. Na mbali zaidi, katikati ya safari ya mawimbi, bonde lote lilikuwa limefura. Vile vichaka nilivyoviona vijiti sasa vilikuwa ukuta wa majani, umepanda mpaka kuugusa mstari wangu. Mawimbi hayapiti kama uzi. Njia yake ni nene katikati, na hapo katikati ndipo palipokuwa pameziba.

Nilijua nikiwa juu ya ngazi kwamba mlingoti wangu ni mfupi. Nilishuka polepole, na nilipofika chini nilisema, "Ni ule mulaa."

Mwende alinitazama. "Una uhakika?"

"Huoni ulivyokaa?"

Tulienda kwa Mama Ndinda. Alitutolea viti, akaviweka kwenye kivuli cha ule mti wenyewe. Juu yetu kulikuwa na mizinga mitatu ya nyuki, ya marehemu mumewe, na shemeji yake ndiye huja kuirina. Nilimsalimia, nikamwita Mwaitu, kama tunavyomwita kila mama wa rika lake, kisha nikamweleza.

"Hii mti ndio inazuia Ndinda?" aliuliza.

"Inazuia mawimbi, Mwaitu."

"Hii ilipandwa na yeye, babake. Mwaka tulioana." Akatazama juu. "Ukikata, kesho nitamwona?"

"Tutajaribu."

"Mimi sijui hizo vitu zenu. Wewe ndio umesoma. Kama ni kumwona mtoto, kata."

Jioni hiyo shemeji yake alikuja na moshi, akashusha mizinga na kuihamishia mti mwingine. Asubuhi yake mizinga miwili ilikuwa mitupu. Nyuki walikuwa wamehama, na hakuna aliyeona walikoelekea.

Ijumaa, saa tatu, mtu wa msumeno wa injini aliwasha mashine yake. Mti uliopandwa mwaka wa harusi ulianguka kabla chai haijapoa. Nilipanda mlingoti nikijua nitakachokiona, lakini bado nilikuwa na tumaini la kijinga kwamba elimu yangu imekosea na bahati itapatia. Themanini na tatu. Niligeuza sahani kushoto, nikaigeuza kulia, nikabadili masafa. Themanini na tatu.

Saa nane mchana Mama Ndinda alikuwa ameketi nje, amejifunga kichwani kitambaa cha kanisani, simu ameishika kwa mikono miwili. Hakukuwa na kivuli tena, kwa hiyo alikaa juani. Kile kiduara cha kutafuta mtandao kikazunguka kwenye kioo, kikazunguka, kikasimama. Alingoja mpaka saa tisa na nusu.

"Labda leo hawakumpatia simu," alisema akituangalia sisi, kama anayetuomba radhi. "Hao watu wakati mwingine hukataa."

Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona kazini, na bado sikumwambia ukweli.

Jumamosi asubuhi nilipokuwa nawasha gari, Mwende alikuja dirishani.

"Fundi, ni mti ama ni mlingoti?"

"Ni mlingoti. Mfupi."

"Umejua lini?"

"Alhamisi."

Hakupiga kelele. "Wewe rudi tu na mlingoti," alisema. "Hiyo ingine utaongea na Mungu."

Njia ya kurudi sikuiona. Nakumbuka Kabati tu, na mwenye duka akinifungia mabomba sita bila kunitania. Wiki mbili baadaye nilirudi Nuu na mabomba hayo, sahani kubwa mbili na kazi ya siku nne, na sikumdai Mwende kitu. Nilichojifunza ni kidogo na kinatosha kwenye karatasi moja. Siku hizi sipimi njia ya mawimbi kiangazi bila kuuliza miti hufika wapi mvua ikinyesha, na mwenyeji akinijibu, naandika jibu lake kabla ya langu. Siku ya mwisho ya kazi ile, Ijumaa, juu ya mlingoti mpya wa sokoni wa mita kumi na nane, redio ilisoma hamsini na tisa. Nilitazama chini, nikaona gogo la mulaa, nikaukadiria ule mti ungefika wapi kama ungekuwa umesimama. Ungefika mbali chini ya miguu yangu. Usingegusa chochote.

Ijumaa hiyo simu iliingia saa nane kamili. Nilikuwa bado juu, lakini boma ni karibu na Mama Ndinda alikuwa amefungulia sauti yote.

"Mama! Uko wapi? Hapo ni kwa nani?"

"Niko nyumbani."

"Nyumbani gani? Geuza simu. Mti ya baba iko wapi?"

"Tuliikata ndio nikuone."

Kukawa kimya, nikadhani mtandao umekatika tena. Haukuwa umekatika. Kisha Mama Ndinda aliinua simu juu, akaielekeza kwangu kwenye mlingoti.

"Huyo ndiye fundi," alimwambia. "Mwambie asante."

"Asante sana, fundi," Ndinda alisema, sauti yake safi kabisa.

Niliinua mkono, kisha nikageuka, nikajifanya nakaza bolti.