Kuuachia Mkono

Nilijifunza kupiga kinanda kwa kukaza. Kanisa letu la Kosele lilikuwa na kibodi ya mtumba iliyowekwa juu ya boksi la spika, nami nilikaa kwenye kiti cha plastiki kilichokuwa chini mno, hata nikalazimika kuinua mikono kuifikia kama mtoto anayedokoa kitu mezani. Kibodi ile haikujali unaigusa vipi. Uipapase au uigonge, sauti ni ile ile. Mimi niliigonga. Kwaya ikipandisha sauti, nami nilizidisha nguvu, nikiamini kabisa kwamba nguvu hizo zinawafikia wazee walioketi nyuma. Hakuna aliyeniambia vingine, na angeniambia ningedhani ananionea wivu.

Halafu watu walipenda kuona. Kwetu kazi isiyotoa jasho hutiliwa shaka, hata ikiwa ni kazi ya kumsifu Mungu. Ibada ilipoisha, mama mkwe wangu, anayekaa safu ya mbele, alikuwa akinijia na leso yake kunifuta shingo. "Leo umefanya kazi, nyathina," alikuwa akisema, yaani mwanangu, nami nilivimba kichwa siku nzima. Mume wangu alinitania kwamba nikipiga wimbo wa matoleo ninakunja uso kama mtu anayesukuma gari lililokwama kwenye tope.

Maumivu yalianza kwenye kidole gumba cha kulia, yakapanda hadi kifundo cha mkono, kisha yakakaa huko. Mimi ni mwalimu wa darasa la pili, na ikafika mahali chaki ikawa inaniponyoka ubaoni mbele ya watoto. Nikashindwa kukamua nguo. Nikaenda Homa Bay mjini kwa daktari, akaubonyeza mkono huku na huku, akasema kano zimevimba, akaufunga bandeji na kuniambia niupumzishe. Nikamuuliza, nikipona nitaweza kupiga tena? Akasema nitaweza, lakini nikirudi kupiga kwa namna ile ile, maumivu nayo yatarudi.

Kamati ya kanisa ilinihurumia. Mwenyekiti, mtu mpole sana, alinijia baada ya ibada akiwa ameshika kofia yake kifuani.

"Mwalimu, tumeona vile unaumia," akasema. "Tumeamua tuweke nyimbo kwa flashi. Unachomeka tu kwa spika, inaimba yenyewe. Wewe upone polepole. Ikifika sikukuu ya mavuno na mkono bado inasumbua, basi tutaendelea tu na flashi."

Nilimshukuru, nikaenda nyumbani, nikajifungia chumbani nikalia. Mimi ni mke, mama na mwalimu, na katika hayo yote hakosekani mtu wa kunielekeza. Mume ana lake, watoto wana lao, mwalimu mkuu ana lake. Pale kwenye kibodi ndipo mahali pekee ambapo nikiinua kichwa, watu wazima mia moja wanavuta pumzi kunisubiri. Nilikuwa naondolewa hapo kwa upole, na upole ule uliniuma kuliko kama wangenitukana.

Binti ya dada yangu, aliyekuwa akisoma shule moja ya wasichana Migori, ndiye aliyenitajia mwalimu wao wa muziki. Alisema huwa anaanza na mikono kabla ya nyimbo. Nikampigia simu mwalimu huyo, akaniambia nije Jumamosi. Nilivaa rinda zuri, nikabeba kitabu changu cha nyimbo nikidhani ataniomba nipige, nikabadilisha gari Kisii na kufika nikiwa tayari kusifiwa kidogo.

Nilimkuta msichana mdogo, au hivyo ndivyo nilivyomwona, kwa maana ningeweza kumzaa. Chumba cha muziki kilikuwa na piano kuukuu ya mbao, ile inayosimama ukutani, na alikuwa ameifunga kifuniko.

"Mama, keti tu hapa," akasema. "Nipe mkono wa kulia. Nimeushika. Sasa niachie."

"Nimekuachia."

Akaondoa mikono yake. Mkono wangu ukabaki pale pale hewani, umenyooka, hakuna anayeushika. Tukautazama sote wawili.

"Sasa huu nani anaubeba?" akauliza.

Tukarudia. Kila mara niliapa nimeachia, na kila mara mkono ukabaki juu. Nilikuwa karibu kumwambia kwamba sikutoka Kosele kuja kunyoosha mkono hewani, na neno lilikuwa tayari mdomoni. Ndipo aliponiuliza nimepika nini jana, na nilipokuwa nakumbuka, akaniachia ghafla. Mkono ukaanguka mapajani kwa kishindo. Nilishtuka. Sikujua kwamba una uzito namna ile, na kwamba uzito wote huo nilikuwa nikiubeba mwenyewe begani, wimbo baada ya wimbo.

Baadaye akanisimamisha, akaniambia niache mikono ining'inie ubavuni, kisha nivitazame vidole. Vilikuwa vimejikunja kidogo vyenyewe, kana kwamba vimeshika chungwa ambalo halipo. Akasema umbo ndilo hilo, nisitafute lingine. Akafungua kifuniko, akasema niuinue mkono jinsi ulivyo na kuuweka juu ya vitufe vya piano. Kifundo kisidondoke chini wala kisiinuliwe juu, kiende sawa na mkono. Kidole gumba kiguse kwa ubavu wake, kisichimbe. Kitufe kishuke kwa uzito wa mkono, si kwa hasira ya kidole.

"Na sauti ikishatoka, Mama, bado unabonyeza nini?"

Nilicheka ingawa sikutaka. Miaka yote hiyo nilikuwa nikikandamiza sauti ambazo zilishakwenda zake.

Kilichotushinda siku ile ni viwiko. Nilivibana ubavuni hata mikono ikakosa njia ya kwenda kulia wala kushoto kwenye piano. Aliponiuliza kwa nini, nilimweleza kwamba nilikulia Karungu, na kwetu msichana akiwaandalia chakula wageni wa baba yake alifundishwa kukusanya viwiko, asichukue nafasi mbele za watu. Nilipoolewa Kosele nikazidi kuvikusanya, kwa sababu sasa walikuwapo wakwe.

"Hata mimi nimelelewa hivyo," akasema. "Lakini hapa hakuna mgeni unampakulia. Wachia mikono nafasi."

Kusema ni rahisi. Kufungua viwiko mbele ya madhabahu, na mama mkwe ameketi safu ya mbele, nilikuona sawa na kwenda kanisani bila kitambaa kichwani.

Niliendelea kwenda Migori Jumamosi nilizoweza, na bandeji ikatoka. Kamati ikanikubalia nijaribu wimbo mmoja. Mwalimu wa Migori alikuwa ameniambia kiti changu ni kifupi, kwa hiyo nilipachika viti viwili vya plastiki kimoja juu ya kingine, nikaketi juu na viwiko wazi. Minong'ono ikaanza kabla sijagusa chochote. Mama mmoja wa kwaya akasema, kwa sauti ya kusikika, "Leo mwalimu anakalia viti mbili kama chifu," na watu wakacheka. Uso ukaniwaka. Nilipiga kwa wepesi kama nilivyofundishwa, lakini akili yangu yote ilikuwa kwenye kifundo, ubeti wa pili ukanipita, kwaya ikaenda huku nami huku. Mwenyekiti akampa ishara kijana wa mitambo, na spika zikaimba zenyewe.

Mama mkwe hakuja na leso. Alinisubiri nje, akanivuta kando.

"Nani amekukosea?" akauliza. "Umepiga kama mtu amekasirika, hata jasho hakuna. Ni huyu kijana wangu?"

Nilitaka kumwambia hapana, niende zangu. Nilikuwa nimewakasirikia wote, yeye, mama wa kwaya, hata yule msichana wa Migori na chungwa lake. Lakini alinitazama kwa wasiwasi wa kweli, na sikuwa na maneno ya kumweleza. Tulipofika nyumbani nikamketisha jikoni, nikamwambia, "Mama, nipe mkono. Niachie."

"Nimekuachia," akasema.

Nikaondoa mikono yangu. Mkono wake, uliolima na kuteka maji maisha yote, ukabaki hewani pale pale.

Aliutazama. Akaushusha, akaniambia nirudie, nikarudia, ukabaki tena. Akaanza kucheka taratibu, mabega yakitikisika. "Kumbe hii mkono haijui kulala," akasema. "Na wewe yako ilikuwa hivi hivi?" Nikamwambia ulikuwa hivi hivi, na ndiyo sababu unaniuma, na nisipoufundisha kulala sitapiga kinanda tena. Hakucheka tena. Akasema, "Mimi nilikuwa nafuta hiyo jasho nikidhani ni baraka."

Tangu siku hiyo nilipofanya mazoezi nyumbani, juu ya meza ya kulia au kwenye kibodi ya kuazima, alikuwa akiketi karibu akichambua mboga. Sikio lake la muziki si kubwa, lakini macho anayo. Nilipoanza kujibana, aliita "Viwiko" bila kuinua kichwa, kwa sauti ile ile anayoitumia kufukuza kuku. Mume wangu alisema sasa nyumba ina walimu wawili na wote wakali. Polepole nikaacha kuufikiria mkono. Nikagundua kwamba nilikuwa nikikaba kila kitu, mswaki, simu, jembe, hata kalamu ya kusahihishia, nikaanza kuviachia hivyo navyo.

Sikukuu ya mavuno ikafika. Mahindi, mihogo, maboga na kuku waliofungwa miguu vilijaa mbele ya madhabahu. Nilipokwenda kwenye kibodi nilikuta kiti kimoja tu. Vingine vyote vilikuwa vimechukuliwa na wageni. Nilisimama pale nikitafuta kwa macho, nikihisi viwiko vyangu vikianza kurudi ubavuni. Mama mkwe akainuka safu ya mbele. Alikichukua kiti alichokuwa amekikalia, akakibeba mbele ya kanisa lote, akakipachika juu ya changu, akakipigapiga kwa kiganja.

"Kaa," akasema, kisha akaenda kusimama ukutani na wazee wa pembeni.

Hakuna aliyenong'ona.

Wimbo wa matoleo siku ya mavuno hauna mwisho unaojulikana. Kila anapotokea mtu mlangoni na gunia au jogoo, mzee mmoja huanzisha ubeti upya kwa mwendo wake, na lazima umsubiri. Nilimsubiri. Niliegemeza mikono kwenye sauti, nikaiinua, nikaipumzisha, na watu wakaendelea kuja, na nilikuwa nikiimba mwenyewe, jambo ambalo sikuwahi kuliweza nikipiga. Nilifurahi mpaka nikaogopa kidogo.

Baada ya ibada mwenyekiti alinijia, kofia kifuani, akanipa mkono. Yeye ni mkulima wa Lambwe, na husalimia kwa kubana. Nilimpa wa kulia, akaubana, kisha akakumbuka na kuulegeza haraka.

"Pole, mwalimu. Bado inauma?"

"Bana tena," nikamwambia.