Vitabu vya Sebule

Nakumbuka siku shangazi yangu alipomkemea baba mbele yetu sote, mwanangu, naikumbuka kuliko hata siku ya harusi yangu. Umekuja kuniuliza kwa nini Jumapili niliondoka kwako bila kuaga. Kaa nikueleze, ila siwezi kuanzia Jumapili. Itabidi nianzie Sapiwi, kijijini kwetu nilikokulia.

Baba yangu, babu yako, alikuwa mkulima wa pamba mwenye ng'ombe wa kutosha. Alikuwa mtu mwema, lakini alipenda kusifiwa kupita kiasi. Nyumbani kwetu alipanga mwalimu mmoja, na alipohamishwa alituachia sanduku la vitabu. Alimwambia baba kwamba ni vya watoto, wavisome. Baba akaitikia vizuri tu. Kisha akaenda Bariadi mjini kwa fundi seremala, akaagiza kabati la vioo, likaletwa kwa mkokoteni wa ng'ombe huku watu wametoka majumbani kutazama. Likaegeshwa kwenye ukuta wa udongo, pale sebuleni. Vitabu vikapangwa kwa urefu, virefu pembeni, vifupi katikati, na mama akatandika vitambaa alivyofuma mwenyewe. Ufunguo baba akaufunga kwenye mkanda wa suruali.

Mgeni akija, kiti chake kiliwekwa kikitazamana na kabati. Sikumsikia hata mmoja akiuliza vitabu vile vinasema nini. Walisema tu kwamba hapa ni kwa msomi, na baba, ambaye kuandika kwake kuliishia kwenye jina lake, alicheka mpaka magego yakaonekana.

Mimi nilikuwa darasa la saba. Shuleni kitabu kimoja tulisomea dawati zima, na kwa kuwa nilikaa pembeni, nusu ya ukurasa niliiona, nusu nyingine niliisikia kwa wenzangu. Mtihani ulikuwa unakaribia. Na kitabu kilekile cha hesabu kilikuwa nyumbani kwetu, nakiona kupitia kioo kila nikifagia. Nilimwomba baba kwa magoti. Akasema nikikitoa patabaki pengo, na siku ya mnada wageni watakuja. Pengo, mwanangu. Mpaka leo nikilikumbuka neno hilo nataka kutema mate.

Ndipo akaja shangazi kutoka Lalago, tuliyezoea kumwita sengi. Hakujua kusoma, lakini alipenda sana kusomewa. Alilitazama kabati, akanitazama mimi, akasema anataka binti asome kimoja naye asikie. Kwa dada huyu baba hakuwa na ujanja wa kukataa, maana ng'ombe wa mahari yake ndio waliotolewa mahari ya mama yangu, na hilo kila mtu nyumbani alilijua. Akafungua mkanda, akatoa ufunguo. Nikapeleka mkono moja kwa moja kwenye kile cha hesabu.

Kikaja chepesi kama ganda la karanga. Jalada lilikuwa zima, jina linasomeka vizuri, ndani udongo mtupu. Mchwa walikuwa wamepanda ukutani, wakatoboa mbao za nyuma, wakala kurasa zote na kutuachia upande ule unaowatazama wageni. Nikavuta cha pili, nikavuta kingine, udongo ukamwagika juu ya vitambaa vya mama.

Sengi aliukusanya ule udongo kiganjani, akamwonyesha baba.

"Kaka, umechunga ngozi miaka yote hii," alisema. "Ng'ombe alishakufa. Na huyu mtoto alikuwa anakuomba maziwa."

Unajua baba alifanya nini? Aliyaokota yale majalada, akayarudisha kama yalivyokuwa, virefu pembeni, vifupi katikati, akafunga kwa ufunguo. Wageni wa mnada walikuwa wanakuja. Wakaja, wakasifia.

Mtihani nilifeli. Sisemi ni kwa sababu ya vitabu peke yake, kichwa changu nakijua. Ninachosema ni kwamba sikupewa nafasi ya kufeli nikiwa nimevisoma, na hilo sijamsamehe vizuri, Mungu anisaidie, mtu mwenyewe yuko kaburini.

Sasa njoo kwenye Jumapili yako. Nimeingia nyumba mpya, nimefurahi, nimebariki kila chumba. Nikafika sebuleni, nikakuta rafu imepanda mpaka karibu na dari, vitabu vimepangwa kwa rangi kama vitenge dukani, vyekundu kwao, vya bluu kwao. Vingine umevigeuza, migongo imeelekea ukutani, ukaniambia rangi zake hazipatani na makochi. Nikajiuliza mtu atajuaje ni kitabu gani. Nikasema moyoni, ni nyumba yako. Lakini Kabula, mjukuu wangu wa darasa la tano, akapanda kwenye mkono wa kochi, akanyoosha kidole kwenye kitabu, na wewe, mwanangu niliyekuzaa mimi, ukasema, "Shuka hapo. Hivyo ni vya sebule." Mtoto akashuka. Akachukua simu. Na mimi nikachukua kitenge changu nikatoka, maana ningebaki ningekutukana mbele ya mkeo.

Najua utaniambia ukuta wako ni wa tofali za saruji, mchwa hawapandi. Sawa. Kitabu ambacho Kabula hakifikii, kimeliwa na nani? Usitazame chini, nijibu.

Basi nakuusia. Vishushe vitabu vyote vya mtoto, uviweke pale mkono wake unapofika bila kupanda kitu. Vigeuze, majina yaonekane, hata kama yanagombana na makochi. Uvisogeze mbali kidogo na ukuta, uvitoe mara kwa mara, uvipanguse, na ukishakishika kimoja usikirudishe kabla hujasoma hata ukurasa, maana wewe nawe sikukuona ukisoma. Watoto wa jirani wakija kuomba, wape. Vingine havitarudi, na utaumia, vumilia. Na mgeni akiuliza mbona hapa pana pengo, mwambie kwa sauti, kwa majivuno yote uliyorithi kwa babu yako, kwamba Kabula anacho, yuko uani anasoma.

Mungu akupe umri mrefu katika nyumba ile, mwanangu. Vitabu vyako vichakae. Majalada yang'oke kwa kushikwa, kurasa zipate madoa ya mchuzi wa dagaa, pembe zikunjike, na siku mjukuu wako atakapovirithi asikute hata kimoja kipya. Amina.